Zamu ya Kupumua

Dada yangu alianguka kwenye foleni ya dirisha la dawa, cheti cha mama kikiwa mkononi. Waliokuwa nyuma yake walidhani ni njaa, maana ilikuwa saa saba mchana na foleni ilikuwa haijasogea tangu saa nne. Wakampepea kwa kanga, wakampa maji, mmoja akamtia sukari ulimini. Alipopimwa, presha ilisoma 190 kwa 110. Mwanamke wa miaka 52, hajawahi kulazwa ila kwa uzazi, na kwa miaka miwili na nusu alikuwa akimuuguza mama yetu, aliyepigwa kiharusi upande wa kulia, nyumbani kwetu Kihonda, Morogoro.

Daktari alimwandikia dawa mbili, kisha akasema neno ambalo madaktari wote hulisema na ambalo haliuzwi duka lolote la dawa: "Apumzike." Mimi nilikuwa nimefika jioni ile kutoka Dar es Salaam. Nilimwona dada akicheka, kicheko kikavu, halafu akaniuliza kwa sauti ya chini, "Nikipumzika, mdogo wangu, mama atageuzwa na nani?"

Nilinyamaza, kwa sababu jibu lilikuwa mimi. Kwa miaka miwili na nusu nilikuwa yule ndugu ambaye karibu kila familia inaye: mtuma pesa. Mwisho wa mwezi natuma ya pampasi, ya dawa na ya umeme. Kila Jumapili napiga simu, naambiwa mama hajambo kidogo, nalala usingizi wangu. Nikienda kuwaona nabeba machungwa na boksi la juisi, nakaa saa mbili, naaga kwa kisingizio cha kuwahi gari. Nayasema haya mapema ili msomaji ajue kwamba anayezungumza hapa si mtakatifu.

Safari ile nilikaa siku kumi na tisa.

Anayemuuguza ndugu yake, hospitalini humwita "mwenye mgonjwa". Utamsikia nesi mlangoni: "Mwenye mgonjwa wa kitanda namba sita yuko wapi?" Anayelipwa mshahara tunamwita muuguzi, ana sare na ana zamu. Huyu wa nyumbani hatujampa jina la kudumu. Tumempa umiliki tu. Mgonjwa ni wake. Na kitu kikiwa chako, nani atakusaidia kukibeba bila kuombwa?

Nilianza kuelewa umiliki huo usiku wa kwanza. Mtu asiyeweza kujigeuza ageuzwe kila baada ya saa mbili, asije akapata vidonda vya mgongo. Dada alinionyesha mbinu yake: kanga imekunjwa mara mbili, imelazwa chini ya kiuno, unavuta upande mmoja huku goti lako limeegemea ubao wa kitanda. Mama amekonda, lakini mwili usiojisaidia una uzito wake mwingine kabisa. Saa nne usiku unageuza, saa sita unageuza, saa nane unageuza na kubadilisha pampasi, saa kumi unageuza. Saa kumi na mbili asubuhi uji, nusu kijiko kwa nusu kijiko, kwa sababu upande mmoja wa koo haumezi sawasawa na akipaliwa unaweza kumpoteza hapo hapo.

Kazi yenyewe haikunishinda. Kilichonishinda ni masikio. Mama akikoroma niliamka. Asipokoroma niliamka nikatazame kama kifua kinapanda. Mchana, hata dada alipokuwa ameketi naye na mimi nimetoka hadi gengeni, nilikuwa nikikisikia kikohozi chake ambacho hakikuwepo.

Siku ya tano nilijua nina jino bovu. Taya lote lilikuwa linauma. Siku hiyo hiyo mama alimwaga uji kifuani na nilimjibu kwa ukali, mimi, ambaye tangu utoto sijawahi kumpandishia sauti. Alinitazama kwa jicho lile moja zima. Sitaki kuandika zaidi ya hapo.

Ijumaa alikuja mzee wa mazoezi ya viungo, anayekuja mara mbili kwa wiki kumnyoosha mama mkono na mguu. Ni mstaafu wa hospitali, mtu wa maneno machache. Aliniangalia nikimkunjia mama mto, akauliza, "Leo nianze na mama au nianze na wewe?" Nikadhani ni utani. Akaweka viganja vyake juu ya mabega yangu na kuyasukuma chini. Yalishuka kama inchi mbili. Nilikuwa nimeyabeba karibu na masikio kwa siku nyingi bila kujua, na jino bovu halikuwepo. Nilikuwa nikisaga meno usiku kucha.

Alinieleza kwa lugha nyepesi. Mtu akishtuka, tezi zilizo juu ya figo humwaga adrenalini na kotisoli kwenye damu. Moyo unakwenda mbio, misuli inakaza, sukari inapanda damuni, tumbo linasimamisha shughuli zake. Mwili umeumbwa kufanya hivyo kwa dakika chache, mwenyewe akimbie au apigane, kisha utulie. Mwenye mgonjwa hakimbii wala hapigani. Anakaa kwenye kigoda na kusubiri. Basi ile amri ya kutulia haifiki kamwe, na mwili unakaa na injini inanguruma, gari limeegeshwa.

"Sasa," akasema, "chukua kwamba mkononi una bakuli la uji wa mama. Upoze. Usipulize kwa nguvu, utaumwaga. Pole pole, mpaka pumzi iishe yenyewe."

Nilipuliza.

"Funga mdomo. Acha ya pili iingie puani bila kuivuta. Haya, poza tena."

Nilikuwa nimezoea kuambiwa vuta pumzi ndefu. Yeye alianza na kutoa, na sababu yake unaweza kuihakiki mwenyewe kwa kuweka vidole viwili kwenye mshipa wa mkono. Ukivuta hewa, mapigo ya moyo huharakisha kidogo, ukiitoa, hupungua. Kuna neva ndefu inayotoka kwenye ubongo, inapita shingoni, inakwenda hadi kwenye moyo, mapafu na tumbo. Wataalamu huiita vagasi, na kazi yake mojawapo ni breki ya moyo. Kila unapotoa pumzi, breki hiyo inakanyagwa kidogo. Ukirefusha kutoa kuliko kuvuta, tuseme unahesabu hadi nne ikiingia na hadi sita ikitoka, unaikanyaga kwa muda mrefu zaidi. Kwa hesabu hiyo mtu anapumua mara sita hivi kwa dakika, wakati kwa kawaida tunapumua mara kumi na mbili na kuendelea. (Msomaji anaweza kujaribu sasa hivi, kabla hajafungua kurasa za michezo. Anayesikia kizunguzungu anapuliza kwa nguvu mno.)

Usiku ule sikuona tofauti yoyote. Wala usiku uliofuata. Nilimwambia mzee Jumanne yake kwamba zoezi limekataa, na nilimwambia ukweli: sina dakika kumi za kukaa kimya. Akasema, "Muda usiutafute, huo huna. Fanya pale pale unaposubiri." Na kweli kuuguza kumejaa kusubiri. Unasubiri uji upoe, maji yachemke, pampasi ilowe, daktari apite. Basi tukalifunga zoezi kwenye kugeuza. Nikishamgeuza mama na kumwekea mto nyuma ya mgongo, kabla sijaondoa mkono begani kwake, napumua mara sita. Ni dakika moja. Kwa usiku mmoja zinakuwa dakika nne, na kufikia mwisho wa wiki ya pili nilikuwa nikirudi kwenye godoro langu na kulala badala ya kutazama dari. Taya liliacha kuuma. Siwezi kusema lolote kubwa kuliko hilo, lakini aliyewahi kukesha na mgonjwa anajua kwamba hilo si dogo.

Mjomba wetu, aliyekuja kutupa pole, alinikuta nikipuliza hewa kando ya kitanda akaguna. "Mambo ya yoga hayo. Ya Wazungu." Wazungu wangeshangaa kusikia kwamba yoga ni yao, lakini tuyaache hayo. Lililoniuma ni kwamba mjomba anazungumza Kiswahili miaka sabini na haisikii lugha yake. Pumzi, pumua, pumzika: ni shina moja. Kwetu kupumzika maana yake ya kwanza si kulala wala kwenda ufukweni, ni kuipata pumzi. Mtu aliyetua mzigo anashusha pumzi. Aliyeelemewa anasema hata nafasi ya kupumua sina. Na msongo, neno tunalolitumia kila siku tukisema msongo wa mawazo, linatoka kwenye kusonga, kitendo kile kile unachofanyiwa ugali chunguni. Bibi zetu walijua ugonjwa na walijua dawa, wakaviweka kwenye vitenzi.

Wakaviweka na kwenye ibada. Mwaka 2001 jarida la madaktari wa Uingereza, British Medical Journal, lilichapisha utafiti ulioongozwa na Luciano Bernardi wa Pavia, Italia. Waliwapima watu wazima 23 wenye afya wakisali Salamu Maria ya rozari kwa Kilatini, kisha wakitamka maneno ya Kibuda yanayorudiwarudiwa. Njia zote mbili zilishusha upumuaji hadi karibu mara sita kwa dakika, na mapigo ya moyo na presha vikaenda kwa mdundo mmoja na pumzi. Rozari haikutungwa na daktari wa moyo. Ila mtu akiisali bila haraka, kifua chake kinafuata. Anayeikimbiza ili awahi mechi hapati faida hiyo, na pengine hapati na ile nyingine.

Sisemi sala ni zoezi la mapafu. Walio na imani wataniwia radhi, na mimi mwenyewe ni mmoja wao. Ninachosema ni kwamba jirani yetu wa ukuta wa pili, aliyemuuguza mumewe miezi minane, alikuwa akiketi na tasbihi baada ya alfajiri, anavuta uradi wake chembe kwa chembe, na ukimtazama unaona mabega yanashuka. Hakuhitaji mtu wa kumwuzia programu ya simu. Alihitaji mtu wa kukaa na mumewe mpaka chembe ya mwisho.

Nitarudi hapo. Kwanza kuna zoezi la pili, alilolipenda dada yangu.

Lilibuniwa na daktari wa Marekani, Edmund Jacobson, aliyetoa kitabu chake juu ya ulegezaji wa misuli mwaka 1929. Hoja yake ilikuwa nyepesi hata ikaonekana ya mzaha: akili haiwezi kuhangaika sawasawa ndani ya mwili uliolegea, na mtu hawezi kuulegeza msuli ambao hajui kwamba ameukaza. Kwa hiyo ukaze kwanza, makusudi, ndipo uuachie. Mafunzo yake ya awali yalikuwa marefu sana. Waliomfuata waliyafupisha hadi dakika kumi, kumi na tano.

Mzee alimfundisha dada kwa maneno ya dada. Kunja ngumi kama unakamua shuka. Kaza, hesabu hadi tano. Achia, na usifanye kitu. Sikiliza tu mkono unavyokuwa mzito na wa moto. Kisha mikono yote. Kisha mabega, yapandishe mpaka masikioni uyaachie yaanguke. Uso, ukunje kama aliyelamba ndimu. Taya, tumbo, mapaja, mpaka vidole vya miguu. Mahali penye maumivu au jeraha usipakaze, paruke. Na asiyependa kufumba macho asifumbe. Wapo watu ambao wakifumba macho na kunyamaza ndipo hofu zote huwajia kwa pamoja. Hao wafanye wakitembea, au wakitazama mti.

Dada alilipenda kwa sababu mikono yake ilikuwa tayari inajua kukamua. Mimi nililijaribu usiku wa kumi na moja, nimelala kwenye godoro chini ya dirisha, nikaanzia ngumi. Nakumbuka nilifika kwenye mapaja.

Nilizinduka saa kumi na moja alfajiri kwa adhana. Nilikuwa nimepitiliza saa nane na nimepitiliza saa kumi. Mama alikuwa macho, ananitazama, na alikuwa amelowa. Kwenye nyonga palikuwa na wekundu mpana kama kiganja, uliokaa mpaka adhuhuri ndipo ukaanza kufifia. Nilimwosha nikilia. Yeye alinyoosha ule mkono mzima akanigusa kichwani, jambo lililozidisha kilio.

Asubuhi ile ndipo nilipoelewa kile ambacho vitabu vya kujituliza havikitaji. Zoezi lilifanya kazi. Lilifanya kazi vizuri mno, na ndiyo sababu likawa hatari, kwa kuwa hakukuwa na mtu wa pili aliye macho. Mwili wa mwenye mgonjwa unakataa kulegea kwa sababu ya maana: unalinda zamu. Ukimwambia atulie bila kumpa wa kushika zamu, unamwambia mlinzi alale na geti liko wazi. Atakujibu "sawa, asante" na ataendelea kukaza taya, na yuko sahihi kuliko wewe.

Kila mahali kazi ya kukesha imegawanywa. Wauguzi wana zamu tatu. Walinzi wanapokezana. Mabasi ya masafa marefu yanatakiwa kuwa na madereva wawili. Ni nyumbani tu ambako mtu mmoja, na mara nyingi ni mwanamke, binti ambaye hakuolewa, au mkwe, au yule ambaye ukoo umekubaliana kwamba "si hana kazi yoyote", anakesha miaka miwili na nusu na tunampitia na machungwa kumwambia pole ya kuuguza.

Gharama yake imepimwa. Mwaka 1995 jarida la Lancet lilitoa kazi ya Janice Kiecolt-Glaser na wenzake wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Ohio. Waliwachukua wanawake 13 waliokuwa wakiwauguza ndugu wenye ugonjwa wa kusahau, na wengine 13 wa umri na kipato kinacholingana wasio na mgonjwa. Kila mmoja alikatwa kidonda kidogo mkononi cha upana wa milimita 3.5, kisha wakasubiri kipone. Vidonda vya wale wanaouguza vilichelewa kupona kwa siku tisa hivi. Kidonda kile kile, chombo kile kile, ila ngozi moja ilikuwa inalala na nyingine inakesha.

Miaka minne baadaye, 1999, Richard Schulz na Scott Beach wa Pittsburgh walichapisha matokeo ya kuwafuatilia wazee kwa miaka minne. Waliokuwa wakiwauguza wenza wao na kuelemewa na kazi hiyo walikuwa na hatari ya kufa iliyozidi kwa asilimia 63 ile ya wenzao wasiouguza. Ninaomba msomaji ashike sehemu ya pili ya matokeo hayo, ambayo husahaulika: wale waliouguza lakini hawakuelemewa hawakuonyesha hatari hiyo. Kuuguza kwenyewe hakukuwaua. Kilichokuwa kinawafupishia maisha ni kuelemewa.

Nenda sasa kwenye sheria zetu. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ilipopitishwa Tanzania mwaka 2004, ilimpa mfanyakazi siku zisizopungua nne zenye malipo mtoto wake akiugua au akifariki. Mwenza, mzazi, babu, bibi, mjukuu, kaka na dada nao waliingizwa, lakini kwa kufariki tu. Isome tena taratibu. Mama akiwa hoi, uko kazini. Mama akishakufa, umepewa ruhusa. Aliyeandika kifungu hicho hakuwa na roho mbaya, aliandika tunavyoishi. Msibani tunajaa. Kwenye kuuguza tunapita.

Na si kwamba hatujui kupanga. Harusi ina kamati, mwenyekiti, mhazini, kadi za michango na kikao kila Jumapili kwa miezi mitatu, yote kwa ajili ya usiku mmoja. Msiba ukitokea saa tisa, saa kumi turubai limesimama, mtu wa viti anajulikana, wa maji anajulikana, wa kaburi anajulikana. Hakuna anayemuuliza mfiwa "nikusaidie nini". Kila mmoja anashika la kwake. Kwa nini basi ustadi huo wote unasubiri mtu afe?

Nilipoelewa hivyo niliitisha kikao cha familia kwenye kundi la WhatsApp. Halikuwa jambo jepesi. Wawili walitoka kwenye kundi na mmoja alituma sauti ya dakika sita ambayo sikuimaliza. Lakini tuliobaki tuliandika majina na siku, kama tunavyofanya kwa michango, isipokuwa safu ya pesa tuliiandika saa. Mimi nilipewa mwisho wa wiki mara mbili kwa mwezi. Treni ya sasa ya Dar na Morogoro imeninyima kisingizio cha barabara. Binamu anayefundisha shule ya jirani alichukua Jumatano jioni. Mjomba, yule yule wa yoga, alipewa Jumamosi mchana. Alikuja na redio yake ndogo, akaiweka dirishani, akamsikilizisha mama mpira mwanzo mpaka mwisho. Kumgeuza alihitaji kufundishwa mara mbili. Mara ya tatu alinifokea mimi kwamba nakunja kanga vibaya.

Nilitarajia Jumamosi ile ya kwanza dada atalala, au atafanya zoezi lake la ngumi. Alikwenda saluni akasukwa. Saa nne nzima aliketi katikati ya wanawake wanaozungumza habari zisizo na ugonjwa hata mmoja, kichwa chake mikononi mwa mtu mwingine, yeye akifuma kitambaa cha kochi alichokiacha nusu kabla mama hajaugua. Alirudi jioni, mabega yako mahali pa mabega. Nilimuuliza kama alipumua. "Nilipumua nini? Nilisengenya," akasema. Nakubali. Mwenye njia yake ya kushusha pumzi asiondolewe kwayo ili afuate ya kitabuni. Vitambaa, kwaya, kwenda kupalilia mahindi, kusikiliza taarabu na mlango umefungwa, vyote vina mdundo, na mdundo ndio ule ule wa rozari na tasbihi.

Usiku mmoja jikoni, maji yakichemka, aliniambia jambo ambalo ameniruhusu kuliandika. "Kuna siku namwomba Mungu amchukue. Halafu namwomba asinisikie." Hapo hakuna pumzi ya kuhesabu. Nilijua kiasi cha kutomwambia "usiseme hivyo", na sikujua lingine, nikanyamaza naye mpaka maji yakachemka. Baadaye mzee wa mazoezi aliniambia kwamba miaka yake yote ya kazi hajakutana na mwenye mgonjwa wa muda mrefu ambaye hajalifikiria hilo, na wanaolisema kwa mtu hupona haraka kuliko wanaolimeza.

Lipo pia linalopita mazoezi na kupita kusemezana. Mtu akikosa raha na hamu ya chochote karibu kila siku kwa wiki mbili, halali hata anapopewa nafasi, hali, anaona afadhali asiwepo, hiyo ni sonona na ni ugonjwa kama kiharusi kilivyo ugonjwa. Aende hospitali yeye kama yeye, siyo kama mwenye mgonjwa wa kitanda namba sita.

Hospitali nazo nina neno nazo. Nyua zetu za hospitali za mikoa zimejaa watu walioketi kwenye mikeka chini ya miti, wanasubiri saa ya kuona wagonjwa, vyombo vya chakula vimefungwa kwenye kanga. Wapo pale kutwa, wengine wiki. Kliniki ya mama na mtoto haianzi kupima kabla nesi hajatoa somo la asubuhi la lishe au chanjo, na limeokoa watoto wengi kwa gharama ya sauti yake tu. Somo kama hilo, dakika kumi, chini ya mti, kwa wenye wagonjwa: jinsi ya kugeuza mtu bila kuvunja mgongo, jinsi ya kulisha bila kumpalia, jinsi ya kupoza uji usiokuwepo. Fundi wa mazoezi ya viungo anaweza kulitoa, afisa ustawi wa jamii anaweza kulitoa. Na kabla mgonjwa wa muda mrefu hajaruhusiwa kwenda nyumbani, kwenye cheti uongezwe mstari mmoja unaouliza: nani atashika zamu ya pili? Pasipo na jina, mtu aitwe kwenye simu.

Mama bado yupo. Presha ya dada juzi ilisoma 138 kwa 86, na bado anameza dawa moja kati ya zile mbili.

Wewe ukienda kumwona mgonjwa wiki hii, machungwa peleka. Ila usimuulize anayemuuguza umsaidie nini, maana atakujibu hamna, asante. Mwambie utakaa mpaka saa ngapi.